Mali Bila Daftari: Mgeni, Sheria na Ardhi ya Ugenini

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Jamii wa Polisi katika mkutano wa wakazi, wafanyabiashara na wapangaji uliofanyika Kawempe, Kampala. Tunaichapisha kwa ajili ya wasomaji wetu wa Busia, Malaba, Mutukula, Mpondwe, Katuna na Elegu.



Nimeombwa nizungumze juu ya haki na wajibu wa mgeni. Ningeweza kufungua vitabu vya sheria na kuwasomea mpaka jua litue. Badala yake nitaanza na mtu mmoja, ambaye amenipa ruhusa nimtaje bila jina lake.

Mzee huyu ni mwenyeji wa Bukoba, ng'ambo ya Mutukula. Ni fundi wa magari, na ameishi Bwaise miaka kumi na tisa. Watoto wake wawili wamezaliwa hapa. Luganda anakizungumza kwa lafudhi ya Kihaya, na watu wanaomletea magari humwita kwa jina la kazi yake. Siku alipokuja ofisini kwangu alikuwa amebeba mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ilikuwa mapatano ya ununuzi wa kibanja kilichomo humu humu katika divisheni yetu. Fedha zilikuwa zake zote. Jina lililoandikwa mahali pa mnunuzi lilikuwa la rafiki yake, raia wa Uganda.

Rafiki huyo hakuwa tapeli. Kwa miaka mingi wawili hao waliishi kama ndugu. Mzee alijenga nyumba ya vyumba vitano, akakaa katika kimoja na kupangisha vinne, na rafiki hakudai hata shilingi. Kisha rafiki akafariki. Matanga yalipokwisha, jamaa wa marehemu wakafika na kumpa Mzee mwezi mmoja ahame, kwa kuwa kibanja kiliandikwa kwa jina la ndugu yao. Kabla mwezi huo haujaisha, vijana wasiojulikana walikuja usiku wakang'oa mabati ya vyumba viwili huku wapangaji wamelala ndani.

Nilimwuliza: “Mzee wangu, kwa nini hukuja mapema? Kwa nini hukutafuta ushauri siku ile ya kununua?” Akanijibu kwa maneno matatu, ambayo nadhani ndiyo mawazo ya wageni wengi waishio katika nchi za watu. Akasema: “Afande, siasa ni ya wenye nchi, mgeni hufunga mdomo. Sheria ni ya mwenye ndugu, na mimi hapa sina ndugu. Mali ni ile uliyoilipia, basi nikadhani yatosha kulipa.”

Ndugu zangu, maneno hayo matatu kila moja lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomponza. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Kwanza, siasa. Mtu akiisoma Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kwa makini ataona kwamba hutumia maneno mawili tofauti. Mahali pengine husema “kila mtu”. Mahali pengine husema “raia”. Tofauti hiyo haikuwekwa kwa bahati. Ibara ya 38 inapompa mtu haki ya kushiriki katika uendeshaji wa serikali, inamtaja raia wa Uganda. Ibara ya 59, inayohusu kupiga kura, inamtaja raia aliyetimiza miaka 18. Hapo Mzee alikuwa na haki: kuchagua viongozi ni kazi ya wenye nchi.

Nasisitiza jambo hili hasa kwa wasomaji wa mipakani. Huko ukoo mmoja hulala pande mbili za mstari: mjomba yuko Busia ya Kenya na shangazi Busia ya Uganda, na soko ni moja. Undugu huo ni neema. Lakini asitokee mtu wa kukupakia kwenye lori uvuke kwenda kupiga kura isiyo yako, wala kukushawishi ujiandikishe na kupata kitambulisho cha taifa, hiki tukiitacho Ndaga Muntu, kwa kudanganya mahali ulipozaliwa au jina la baba yako. Anayekupa lori hatakuwapo siku utakapofikishwa mahakamani.

Nusu ya pili ndiyo aliyoikosa Mzee. Uhuru wa kusema, katika Ibara ya 29, umetolewa kwa “kila mtu”, raia na asiye raia, alimradi sheria izingatiwe. Na kutoa habari za mwizi si siasa. Kumripoti anayempiga mkewe hadi kumvunja mkono si siasa. Kuhudhuria kikao cha usalama cha kijiji unachoishi si siasa. Mgeni anayefunga mdomo mbele ya uhalifu kwa kuogopa siasa humfungulia mhalifu mlango wa nyumba yake mwenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi polisi mara nyingi tumepona kwa habari aliyotuletea mgeni.

Pili, sheria. Mzee alisema sheria ni ya mwenye ndugu. Neno hili liliniuma, nikamwuliza alilitoa wapi. Akanisimulia kwamba miaka mingi iliyopita aliibiwa vifaa vyake vya kazi, akaenda kituo kimoja cha polisi kutoa taarifa. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza aliulizwa: “Wewe wa wapi? Karatasi zako ziko wapi?” Akaondoka bila kuandikisha lolote, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kituo chochote. Nilimwomba radhi. Sare niliyovaa mimi ndiyo aliyovaa askari yule, na mwananchi hana sababu ya kututenganisha.

Sheria yenyewe haisemi hivyo. Ibara ya 21 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 212 inalipa Jeshi la Polisi kazi ya kulinda maisha na mali. Haikuongeza “ya raia peke yao”. Mtu akikamatwa, Ibara ya 23 inataka aelezwe papo hapo sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, kwa hali yoyote si zaidi ya saa 48, ikiwa hajaachiliwa. Akishtakiwa naye haelewi lugha ya mahakama, ana haki ya mkalimani bila malipo. Na chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, mgeni aliyekamatwa ana haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Bondi ya polisi haiuzwi, kwa raia wala kwa mgeni. Anayeidai fedha anavunja sheria, na habari zake zipelekwe kwa wakubwa wake.

Haki hizi zina mwenzake, nao ni wajibu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imerahisisha watu wa Jumuiya kuvuka mipaka, kufanya kazi na kufungua biashara. Kurahisisha si kufuta. Pasi yako igongwe mhuri mpakani. Usipite njia za panya kwa sababu tu ni fupi. Muda wako ukikaribia kwisha, nenda Uhamiaji kabla haujakwisha. Mwenye karatasi zilizo sawa huja kituoni akiwa amesimama wima. Asiye nazo huogopa hata pale ambapo yeye ndiye aliyedhulumiwa, na wahalifu wanalijua hilo vizuri. Walioiba vifaa vya Mzee, naamini, walimchagua kwa sababu hiyo.

Tatu, mali. Hapa ndipo penye jeraha, naomba mnisikilize kwa utulivu.

Ibara ya 26 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali. Gari lako, bidhaa zako dukani, mashine yako ya kushonea, fedha zako benki: hizo ni mali, na sheria inazilinda bila kukuuliza ulizaliwa wapi. Lakini Ibara ya 237 inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda. Hapa neno limebadilika kutoka “kila mtu” kuwa “raia”. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaeleza zaidi: asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya mailo wala ardhi ya umiliki huru. Anachoweza kupata ni kukodishiwa ardhi kwa muda maalumu, yaani lizi, usiozidi miaka 99. Na lizi ya miaka mitano au zaidi lazima isajiliwe. Kampuni inayotawaliwa na wageni nayo huhesabiwa kuwa mgeni.

Msidhani Uganda ina ubahili wa pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 65, inampa mgeni ardhi ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kongo, chini ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Dola, na haki ya kuitumia bila kikomo cha muda hupewa Mkongo, si mgeni. Na Itifaki ile ya Soko la Pamoja, ambayo wengi huisikia wakidhani imefungua kila kitu, inasema waziwazi kwamba masuala ya ardhi yataongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Kwa hiyo, Mganda anayelima Kagera na Mkenya anayejenga Tororo wako katika hali moja.

Nchi zetu zina kumbukumbu inayoeleza hofu hii ya ardhi, na tusiifiche. Wengine wetu wazazi wao waliiona tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alipotangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Maduka, viwanda na nyumba ziliachwa, zikawekwa chini ya bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka. Miaka kumi baadaye, sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia kwa wenyewe kuomba kurudishiwa mali zao, na majengo mengi ya Kampala yalirudi kwa njia hiyo. Nasi Waganda tumeonja kuwa wageni: mwaka 2013, Tanzania ilipoendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, walioondolewa kwa kukosa vibali walikuwamo na Waganda. Wengi waliacha mashamba na mifugo.

Najifunza mambo mawili hapo. La kwanza, aliye mwenyeji leo huenda akawa mgeni kesho, basi amtendee mgeni vile atakavyotaka kutendewa. La pili, upepo wa siasa unaweza kumwondoa mtu, lakini hati iliyosajiliwa hubaki katika daftari. Walioomba kurudishiwa nyumba zao waliweza kufanya hivyo kwa kuwa majina yao yalikuwa yameandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hivyo ndivyo mali ya Mzee wetu ilivyoanza kupotea.

Sasa tukitazame kile kibanja. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kawempe ni ya mailo katika kaunti ya Kyadondo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Juu ya kipande kimoja huweza kuwepo haki za watu wawili: mwenye hati ya mailo na mwenye kibanja anayekaa juu yake na kulipa busuulu. Mwenye kibanja halali analindwa. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2010 yanasema hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busuulu tu. Lakini marekebisho hayo hayo yanamtaka anayeuza kibanja ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Katika karatasi ya Mzee, mwenye ardhi hakutajwa popote. Saini ya mke wa muuzaji haikuwapo, ingawa sheria inadai ridhaa ya mwenzi wa ndoa pale ardhi ya familia inapouzwa. Na mnunuzi mwenyewe, aliyetoa fedha, hakuwamo.

Wengi hufanya hivi, na huliita kuazima jina. Napenda niseme wazi: jina halina dhamana. Mwenye jina akifa, mali aliyoandikiwa huingia katika mirathi, na warithi hawafungwi na urafiki wasiousikia. Akiachana na mkewe, huingia katika kesi ya talaka. Akikopa, huweza kuwekwa rehani. Nawe ukienda mahakamani kueleza kwamba mlipatana kwa siri ili kupita kando ya sheria, utakuwa unaiomba mahakama ikusaidie kuivunja.

Polisi tulimfanyia nini Mzee? Nitawaambia kweli, maana ahadi za uongo ndizo zinazotukosanisha na wananchi. Kuhusu nani mwenye kibanja, sisi hatuamui. Hilo ni la mahakama. Afisa wa polisi anayekuambia atakurudishia ardhi anazungumza nje ya kazi yake. Lakini kung'oa mabati usiku ni uharibifu wa mali, nao ni kosa la jinai, haidhuru kibanja ni cha nani. Jalada lilifunguliwa na uchunguzi unaendelea. Jamaa wa marehemu tuliwaeleza kwamba hakuna mtu, raia wala mgeni, anayetolewa ndani ya nyumba kwa mikono ya vijana wa usiku. Wapangaji nao wana kinga yao katika Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022: ugomvi wa wakubwa si ruhusa ya kuwatupia vyombo nje.

Baadaye mwenyekiti wa LC aliwaita wote wakae pamoja. Mjane wa marehemu alisimama mbele ya shemeji zake akasema: “Nyumba hii aliijenga yeye. Mimi ndiye niliyewapikia mafundi.” Maneno hayo hayakubadilisha sheria ya ardhi, ila yalibadilisha mazungumzo. Sasa wanazungumzia fidia ya jengo, na Mzee bado yumo ndani. Hatapata kibanja. Pengine atapata sehemu ya jasho lake. Ni kidogo kuliko alichostahili, na ni kikubwa kuliko alichokuwa nacho alipokaa kimya.

Alipokuwa akiondoka ofisini aliniuliza: “Afande, ningefanyaje?” Nampa jibu hapa, mbele yenu, ili liwafae wengine.

Kabla hujatoa fedha, nenda ofisi ya ardhi ya kanda ukaombe upekuzi wa hati. Utajua bloku, ploti, jina la mwenye ardhi, na kama kuna rehani au zuio. Ikiwa ardhi ni ya Kabaka, ulizia katika Bodi ya Ardhi ya Buganda. Tembea kwenye kiwanja chenyewe mchana, ukiwa na majirani na mwenyekiti wa LC. Majirani hujua mipaka kuliko ramani. Hakikisha mwenzi wa muuzaji yupo na ameridhia. Tumia wakili wako mwenyewe, si wakili wa muuzaji. Lipa kwa njia inayoacha alama, na stakabadhi uitunze. Ikiwa wewe si raia, usitafute jina la kuazima: omba lizi kwa jina lako halisi na uisajili, hata kama ni ya miaka michache. Na ikiwa unatamani uraia, upitie Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji. Uganda inaruhusu uraia pacha, Kenya vilevile, lakini Tanzania hairuhusu. Mtanzania mtu mzima achukuaye uraia wa hapa huupoteza wa kwao, basi ashauriane na watoto wake kwanza.

Kwa wenyeji nina neno moja. Unapoombwa jina, usilikopeshe, hata kwa mapenzi. Utawaachia wanao ugomvi. Ukitaka kumsaidia mgeni, mpeleke kwa wakili, msindikize ofisi ya ardhi, msimamie kama shahidi. Huo ndio udugu utakaodumu baada yako.

Kwetu sisi polisi nina neno pia, nalo nalisema mbele ya wakubwa wangu walioketi hapa. Mtu anapoingia kituoni kutoa taarifa, swali la kwanza liwe “Umepatwa na nini?” Maswali mengine yana wakati wake. Katika nchi yetu Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Tukitumie kumkaribisha jirani, si kumtisha.

Dharura ikikufika, piga 999 au 112. Simu hizo hazikuulizi uraia.

Hufunga hotuba zetu hapa Uganda kwa maneno ya wito wa taifa. Leo wengi mnaonisikiliza nchi yenu ni nyingine, nanyi mnaipenda kama ninavyoipenda hii. Kila mmoja na ayatamke akiwa na nchi yake moyoni:

Kwa Mungu na nchi yangu.